Donge Lililotokea Ain Jemla

Ichraf hakupiga kelele. Mtu wa Sfax, mji wa wafanyabiashara wanaohesabu kila senti, hapotezi pumzi bila faida. Alisogeza kiti nyuma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayeulizia kijiko: "Ghazi, njoo uone mstari."

Ghazi Lassoued alikuwa na mkate wa kukaanga mkononi, umejazwa jodari na harisa ya pilipili, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Tonge lililokuwa mdomoni alilimeza zima zima. Hakuhitaji kuuliza mstari gani. Aliuchora yeye.

Sasa, kabla ya kumhukumu kijana wa watu, ni haki kusema kwanza walikuwa wanatafuta nini mle chumbani, ghorofa ya nne ya chuo kikuu kimoja cha Tunis, mahali ambapo lifti ilikufa zamani na hakuna aliyekwenda matangani.

Walikuwa wanatafuta uzito. Galaksi huko juu zinazunguka kana kwamba ndani yake kuna mtu mnene amekaa na hakuna anayemwona. Huyo mnene ndiye wanayemwita maada ya giza, na ni mkubwa kuliko nyota zote zikijumlishwa. Wataalamu wengi duniani wanasema ameumbwa kwa chembe nyepesi, zenye haya, zisizogusa kitu. Profesa Laroussi Ayari alisema hapana. Kwa miaka mingi, kwenye mikutano ambako watu walikuwa wakitoka kwenda kunywa kahawa akianza tu kuongea, alisema ni madonge. Ndani ya kila kiini cha atomu, alisema, kuna vitu vidogo viitwavyo kwaki. Ulimwengu ulipokuwa bado kichanga, unachemka kama sufuria, kwaki nyingi zilishindiliwa pamoja na hazikuachana tena. Donge moja la namna hiyo ni dogo kuliko chembe ya unga, lakini zito kama gari dogo. Linaruka angani kimya kimya. Likikutana na dunia halisimami kuomba njia. Linaingia upande huu na kutokea upande wa pili kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu.

Sasa linaonekanaje? Kwa mtikisiko. Tetemeko la kawaida lina kitovu kimoja, kama ngoma iliyopigwa. Donge linatikisa ardhi kwa mstari mzima, kama mtu aliyepitisha kisu kwenye kitambaa. Kwa hiyo Ichraf Mezghani, mwanafunzi wa shahada ya udaktari wa fizikia, alikuwa amekaa miaka mitatu akichambua rekodi za vipimatetemeko vya dunia nzima, akitafuta kisu hicho.

Na katika kazi ya kutafuta kitu unachokitamani, adui wa kwanza ni tamaa yako mwenyewe. Mwenye njaa huona kila moshi ni wa jikoni kwao. Ndiyo maana watu wa fani hii wana desturi ambayo nje ya kwao ingeonekana uchawi: mmoja wao huteuliwa kudanganya. Kabla rekodi hazijafika kwa mchambuzi, yeye huchomeka humo donge bandia, au mawili, au asichomeke kitu, na hamwambii mtu. Mchambuzi akilikosa, wavu wake umetoboka. Akilipata, hajui kama amepata samaki au mpira. Anaendelea mpaka mwisho, anaandika kila kitu, na siku ya kufungua siri, mchomekaji anasema alichofanya mbele ya wote. Mapema kuliko hapo hafungui mdomo, hata akibanwa na mlango.

Mchomekaji alikuwa Ghazi. Kumpa Ghazi siri ni kama kumpa paka samaki ashike, lakini chumba kilikuwa na watu wachache.

Mwaka ule kompyuta ilimpangia donge lake litokee katikati ya bahari, sehemu isiyo na hata kisiwa. Ghazi akaona inachosha. Akafuta namba zile, akaandika za Ain Jemla, kijiji cha milimani upande wa Siliana ambako Profesa Laroussi, au Si Laroussi kama wanavyomwita kwa heshima, alizaliwa. Mpango wake ulikuwa rahisi: siku ya kufungua, mzee atacheka mpaka akohoe. Zaidi ya hapo hakufikiri. Alifanya kazi hiyo uani kwa msusi, akimsubiri dada yake aliyekuwa anaolewa, na wiki nzima alizunguka akilalamika kwamba harusi imemla, hana nafasi hata ya kukata kucha. Kila mtu akaamini kwamba mwaka huu hakuchomeka kitu.

Basi alipokuwa bado anasukuma lile tonge kifuani kwa ngumi, mlango ukafunguliwa, Si Laroussi akaingia anahema, mfuko wa aprikoti mkononi, ngazi zimemnyonya.

"Mbona mmenyamaza? Nani amekufa?"

"Kuna mstari, Profesa," Ichraf akasema.

Mzee akaweka aprikoti chini. "Umeangalia saa za vituo?"

"Zote. Mara mbili."

"Migodi? Wale wa fosfati wanalipua siku nzima."

"Mgodi haulipuki kwa mstari. Uliingia karibu na Nyuzilandi, ukatokea…" Akasogeza ramani kwa kidole. "Ukatokea kwetu. Huku Siliana. Kuna kijiji kinaitwa Ain Jemla."

"Soma tena."

"Ain Jemla, Profesa. Alhamisi, mwezi wa Novemba mwaka juzi, saa tano asubuhi."

Si Laroussi akakaa. Alikaa kwenye kiti cha Ghazi, juu ya nusu ya mkate wa Ghazi, na hakusikia kitu. Ghazi akafungua mdomo amwambie, akaufunga.

"Pale nyuma ya shule pana mti wa tini," mzee akasema taratibu. "Nilianguka kutoka mti ule nikavunjika mkono. Mama alinichapa kwanza, ndipo akanipeleka kwa mganga."

 Alikaa akiitazama ramani kama mtu anayetazama picha ya harusi yake. Miezi michache tu ilikuwa imebaki astaafu.

Ghazi akatoka nje, kwenye roshani. Ichraf akamfuata, akasimama amempa mgongo.

"Usinitazame," akasema.

"Sijakutazama."

"Uso wako ni gazeti, Ghazi, na mimi najua kusoma. Kuanzia leo tutakaa tumepeana migongo. Chakula utakula kule kwenye ngazi."

"Kwani nimefanya nini?"

"Sijui, na sitaki kujua. Watahini wa nje wakija wataniuliza swali moja kabla ya yote: ulijua? Nataka nijibu sikujua, na iwe kweli. Ukinionyesha hata kwa kikohozi, miaka mitatu yangu naimwaga chooni. Yangu mimi, siyo yako. Wewe utaendelea kula mikate."

"Na mzee?"

"Mzee ndiye aliyetufundisha kunyamaza."

Ghazi akarudi ndani akiwa na kaa la moto mdomoni. Si siri iliyomuunguza; siri amekaa nazo nyingi, ikiwamo ya shemeji yake mpya. Kilichomuunguza ni kwamba mzee alikuwa bado palepale, mkono uliowahi kuvunjika umelala juu ya meza, na kidole kinapapasa jina la kijiji kwenye kioo cha kompyuta.

Siku tatu baadaye simu ikalia. Ni mke wa profesa, Khadouja, ambaye wote humwita Lella, yaani bibi.

"Ghazi, mwanangu, mmemlisha nini mume wangu?"

"Kwa nini, Lella?"

"Anaimba akiwa bafuni. Miaka yote ya ndoa sikujua kama ana sauti, kumbe anayo, mbaya. Na usiku analala. Sasa sikiliza. Kamwambia dada yake kwa simu kwamba huenda kitu kimepita kijijini kwao, na amesema huenda, mimi nilikuwepo. Lakini Mbarka hana nafasi ya huenda kichwani mwake. Kawaambia mlima mzima. Jumamosi shule inamfanyia sherehe, kondoo ameshanunuliwa. Macho ya mume wangu barabarani hayafai tena. Utamwendesha wewe."

"Lella, Jumamosi mimi…"

"Una nini Jumamosi?"

Ghazi akatafuta uongo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuupata. "Sina kitu," akasema.

Walitoka Tunis alfajiri kwa Pejo kuukuu la profesa, ambalo gia ya tatu ilikuwa ya kubembelezwa. Si Laroussi alivaa suti ya kijivu na amenyoa ndevu hadi shingo ikawa nyekundu. Mpaka Zaghouan alizungumzia bei ya shayiri. Baada ya Zaghouan akawa anatazama mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa.

Ghazi akabembeleza gia ya tatu. "Profesa, hivi… mtu akiwa anajua kitu ambacho…"

"Ukimaliza sentensi hiyo," mzee akasema bila kugeuza kichwa, "nashuka, naenda kwa miguu."

"Sikuwa nasema kuhusu…"

"Nashuka, Ghazi. Na huu mgongo wangu utakuwa dhambi yako."

Wakaendelea. Jua likapanda. Ghazi alihesabu moyoni: akisema, Ichraf anaanza upya, na huenda nafasi yake ya udaktari ikafungwa kabla hajamaliza. Asiposema, yule mzee atasimama mbele ya watu waliomwona akiwa hana meno, awatangazie muujiza uliotengenezwa uani kwa msusi. Aliona anachagua nani amchinje.

Ain Jemla ilikuwa imejipamba. Kitambaa kimefungwa kati ya nguzo mbili, bendera imepigwa pasi, na Bi Mbarka, dada wa profesa, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, amesimama katikati ya njia kana kwamba gari lisingejua pa kusimama.

"Umekonda," akamwambia kaka yake. "Na huyu ndiye dereva? Naye amekonda. Tunis hawali?"

"Tunakula, Bi Mbarka," Ghazi akasema. "Tunakula tumesimama."

"Ndiyo maana chakula hakijui kiende wapi."

Uani kwake palikuwa pamejaa watu, na mikate ya tanuri la udongo bado inafuka, na mafuta ya zeituni kwenye bakuli. Si Laroussi hakukaa hata dakika tano. Akaanza kuuliza. Na hili lazima lieleweke: halikuwa swali la kipumbavu. Donge likitoka ardhini na kupanda angani linapasua hewa. Aliyekuwa karibu angeweza kusikia mlio kama wa mjeledi, pengine aone cheche. Kwa hiyo akauliza kwa upole, kama daktari: Alhamisi ile, mwaka juzi, msimu wa zeituni, saa tano asubuhi, kuna aliyesikia kitu?

"Kusikia?" akasema Ami Tijani, mwenye duka. "Mimi nilisikia mpaka leo nasikia. Paa! Maziwa yote dukani yakaganda."

"Maziwa yako huwa yanaganda bila msaada," Bi Mbarka akasema.

"Tanuri langu lilizimika lenyewe," akasema Wassila, muuza mikate.

Akafuata polisi mstaafu aitwaye Hamouda, ambaye alisema aliona mwanga wa kijani ukitoka nyuma ya shule. Mkewe akasema bluu. Hamouda akasema katika maisha yake ya kazi ameandika taarifa nyingi na anajua kijani. Mkewe akasema ndiyo, na soksi zake anazijua pia, ndiyo maana leo moja ni nyeusi na nyingine kahawia. Kila mtu akatazama miguu ya Hamouda.

Si Laroussi alisikiliza wote. Uso ulikuwa unang'aa, macho yamemlegea kama mtu anayeimbiwa. Ghazi alisimama ukutani, amejikunyata, akitamani ardhi ipasuke kwa mstari au kwa duara, vyovyote vile.

Halafu mzee akachukua kipande cha mkate, akakichovya kwenye mafuta, akauliza kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Na Jumanne ya wiki iliyofuata? Jioni, baada ya magharibi. Mlisikia?"

Watu wakatazamana.

"Ile Jumanne," Ami Tijani akasema, "ndiyo ilikuwa kubwa."

"Ilipasua kioo changu," akasema Wassila.

"Nyekundu," akasema Hamouda kwa haraka, kabla mkewe hajaanza.

Ghazi akainua kichwa. Jumanne ile alikuwa anaijua. Ichraf aliitumia kusawazisha vipimo, kwa sababu jioni ile dunia nzima ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Hakukupita kitu. Hakukutikisika kitu popote.

Si Laroussi akamaliza kutafuna. "Ahsanteni," akasema. "Mmenisaidia sana." Akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine, lakini hakukila. Alikishika tu mpaka walipokuja kuwaita.

Shuleni walikuwa wamepanga viti kivulini. Mwalimu mkuu alikuwa kijana mwenye tai fupi na maneno marefu. Alisema kijiji hiki, ambacho hata barabara ya lami imekiacha nyuma kidogo, kimechaguliwa na ulimwengu. Alisema kati ya milima yote, kitu cha kale kuliko nyota kimekuja kumsalimia mtoto wa hapa nyumbani kwao. Wanawake wakapiga vigelegele. "Na sasa Profesa Laroussi Ayari atatutangazia mwenyewe."

Ghazi akasimama. Hakuwa amekusudia, miguu ilisimama kwanza, yeye akafuata. Miaka mitatu ya Ichraf ilipita mbele ya macho yake, na kwa aibu yake aliiacha ipite. Alikuwa ameshafungua mdomo. Si Laroussi, akiwa njiani kwenda mbele, akamwekea mkono begani, akamkalisha kama anavyokalishwa mgeni aliyetaka kuosha vyombo.

"Mimi sina tangazo," mzee akasema alipofika mbele. "Dada yangu ndiye mwenye tangazo. Mimi nina swali tu."

Watu wakacheka. Bi Mbarka hakucheka.

Akawaeleza. Hakutumia ubao. Alisema ulimwengu una uzito ambao hakuna aliyeuona, na yeye anafikiri uzito huo ni madonge, na amekuwa akiyatafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alisema kuna mstari mmoja kwenye rekodi unaoelekea huku, na kwamba mstari kama huo unaweza kuwa kweli, unaweza kuwa kosa, unaweza kuwa namna ya watu wa kazi hii kujipima wenyewe. "Mkiniuliza kama donge limepita hapa, jibu langu ni sijui. Na mtu akija kesho akawaambia anajua, mpeni chai, msimpe kondoo."

 Ami Tijani akanyoosha mkono. "Si Laroussi, samahani. Umri wote huu unatafuta kitu usichojua kama kipo?"

"Ndiyo."

"Na wanakulipa?"

"Kidogo."

"Basi ni kazi nzuri," Ami Tijani akasema, akakaa.

"Ningejua mapema," Bi Mbarka akasema kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni, "ungebaki hapa kuchunga mbuzi. Mbuzi akipotea, angalau unajua alikuwepo."

Hapo kicheko kikalipuka, na mzee akacheka kuliko wote, ameshika ukingo wa meza. Kondoo alikuwa ameshachinjwa, kwa hiyo aliliwa. Kuskusi ilikuja kwenye masinia, na hakuna aliyeonekana kudhulumiwa. Waliomsogelea hawakumuuliza tena habari za donge. Walimuuliza lini anarudi kukaa, na kwa nini paa la nyumba ya mama yake analiacha livuje.

Wakati wa kurudi, Si Laroussi alisubiri mpaka mlima ulipobaki nyuma.

"Nilitaka mmoja tu," akasema. "Mmoja aseme: Jumanne sikusikia kitu. Ningemng'ang'ania huyo. Ningesema, huyu Alhamisi yake ni ya kweli. Hata yule mke wa Hamouda, nilimtegemea, yule ni mbishi. Alinyamaza."

"Profesa…"

"Tulia, shika usukani. Wewe hujaniambia kitu, na huniambii. Dunia hii sehemu kubwa ni maji. Nchi kavu ina jangwa, ina barafu, ina vijiji vingi kama mchanga. Na kitu kimoja kinatoka upande wa pili wa dunia kuja kutokea kwenye mti wa tini wa utoto wangu?" Akatikisa kichwa. "Nilijua siku ileile. Nilipoamka asubuhi nilijua, nikinyoa nilijua. Lakini mtu unajua, halafu unavaa suti."

Ghazi aliona barabara imekuwa na ukungu, na nje hapakuwa na ukungu. "Ningesema pale shuleni," akasema. "Nilishasimama."

"Nilikuona. Ungemchoma yule binti ili kunifunika mimi. Moyo mzuri, akili ya kuku." Alisema bila ukali. "Mimi nimekisia, wewe hujasema. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kazi yetu yote, hatuna nyingine. Sasa siri ni yetu wawili, na ole wako uninunie mbele ya Ichraf. Tutafurahi kama kawaida mpaka siku ya kufungua."

"Hukasiriki?"

"Nimekasirika. Nimekasirika tangu Alhamisi ya mwaka juzi ambayo haikutokea." Akafungua dirisha kidogo. "Aliyechomeka, awe nani awe nani, kosa lake si kudanganya. Alitumwa kudanganya. Kosa lake ni kwamba alikuwa ananifikiria mimi. Mchomekaji hatakiwi kumfikiria mtu."

Wiki zilizofuata mzee aliigiza furaha vibaya sana. Aliingia ghafla na kusema, "Haya, donge letu linasemaje?" kwa sauti ya muuza kapeti. Bahati nzuri Ichraf alikuwa amewapa wote mgongo, ameziba masikio kwa muziki, na aliandika mpaka mwisho, kila hesabu, kila shaka.

Siku ya kufungua walikaa watatu kuzunguka meza. Si Laroussi akasema kwa adabu ya kikao: "Mchomekaji aseme."

"Nilichomeka moja," Ghazi akasema. "Ni hilo."

Ichraf akavua miwani. Mikono yake ililala mezani, viganja juu. Miaka mitatu ya matumaini inapomtoka mtu haifanyi sauti.

"Uani kwa msusi?" akauliza mwishoni.

"Ulijuaje?"

"Ulirudi unanuka dawa ya nywele, ukasema hukupata nafasi ya kufanya kitu. Nilijikataza kufikiri." Akavuta pumzi. "Mpumbavu wewe, Ghazi. Ain Jemla." Halafu, kwa kuwa ni mtu wa Sfax, akaanza kuhesabu faida. Wavu umenasa bandia, kwa hiyo haujatoboka. Haukunasa jingine, kwa hiyo madonge ya uzito ule, kama yapo, ni machache kuliko walivyodhani watu wote kabla yake. Hilo halikuwa limewahi kusemwa na mtu yeyote.

"Andika hivyo," Si Laroussi akasema. "Hatukuona, na hivi ndivyo tulivyotazama."

Watahini walipokuja, walimuuliza swali lilelile alilolitabiri, na akajibu sikujua, na ilikuwa kweli. Akawa Daktari Ichraf Mezghani, akawanunulia soda, moja kwa watu wawili.

Mzee akastaafu. Siku aliyorudisha funguo alisimama mlangoni, akamnyooshea Ghazi kidole. "Kuanzia mwaka ujao nachomeka mimi. Nipo nyumbani, sina kazi, na hakuna ninayemfikiria. Wewe kaa upande wa kutafuta. Uone kunavyouma."

Kwa hiyo sasa ni Ghazi anayekaa kwenye kiti cha Ichraf. Majira ya baridi yaliyofuata, adhuhuri moja ya mvua, mstari ukamtokea. Uliingia Siberia, ukatokea baharini, kusini kabisa, mahali pasipo na kijiji cha mtu. Aliangalia saa za vituo. Aliangalia migodi. Akaangalia tena saa za vituo.

Akampigia simu Si Laroussi.

"Profesa, nimepata kitu."

"Enhe."

"Kimetokea baharini."

"Bahari ni kubwa," mzee akasema. Nyuma yake Lella Khadouja alikuwa anagombana na mtu kuhusu paa la Ain Jemla, ni vigae au zege.

Ghazi akasikiliza pumzi. Akasikiliza kama anavyosikiliza kipimatetemeko, akitafuta mkwaruzo wowote, kicheko kilichobanwa, huruma, chochote. Mzee alikuwa anatafuna zeituni. Alitema kokwa.

"Sasa nifanye nini?" Ghazi akauliza.

"Umekula?"

"Bado."

"Nenda kale, ukiwa umekaa. Halafu rudi ukaangalie migodi."

Simu ikakatika. Ghazi akabaki ameishika, na mstari mbele yake kwenye kioo, umenyooka, haumtazami mtu.